Uzi wa Bird Dog: kununua gofu la Cessna L-19/O-1, kulifufua na kulirusha

#1 MzeeWaRibiti

Wadau wa anga, salaam. Swali la "Bird Dog ninunue au niache" limeshaulizwa kwenye nyuzi nyingi na kila mara huzama kwenye picha. Tulijibu hapa mara moja, kwa vipimo.

Kwa asiyeijua, hii ni Cessna 305. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliiita L-19 mpaka 1962, ikabatizwa upya O-1. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1949, ikashinda shindano la jeshi 1950, na zikatengenezwa zaidi ya 3,400. Kazi yake ilikuwa kwenda chini na polepole, kutafuta adui alipo na kuielekezea mizinga shabaha. Vietnam ikaongezewa roketi za moshi za kuweka alama ili ndege za mabomu zijue pa kupiga. Silaha yenyewe hasa ni macho ya watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Ndiyo maana madirisha yake ya pembeni yameinamia nje, mtu aone ardhi moja kwa moja chini yake, na paa kati ya mabawa ni kioo.

O-1E ina injini ya Continental O-470-11 ya silinda 6, nguvu farasi 213. Bawa ni futi 36 ncha kwa ncha. Uzito mtupu ni paundi 1,614, uzito wa juu 2,430. Mafuta kama galoni 41, umeme volti 24.

Sasa piga hesabu kabla hujapenda rangi. Galoni 41 kwa paundi 6 ni 246. Ongeza oili kama 20. Umeshafika 1,880, umebakiwa na 550. Watu wawili wa paundi 200 kila mmoja wakipanda, inabaki 150 ya mizigo, parashuti na kila kipande cha "jeshi halisi" utakachotaka kurudishia. Na ule uzito mtupu ni wa kwenye vitabu. Ndege iliyopakwa rangi mara nne na kuongezewa redio mbili haina tena 1,614. Ipimeni kwa mizani.

Naanza na hati, bati baadaye. Bird Dog nyingi zilizo mikononi mwa watu binafsi leo zilitoka jeshini zikapitia Civil Air Patrol (kikosi cha kujitolea cha anga cha Marekani), idara za majimbo au vilabu vya glaida. Nyingine zimeunganishwa kutoka magofu mawili matatu. Cessna 305 ina cheti cha aina cha kiraia, hivyo ndege inayolingana nacho inaweza kupewa hati ya kawaida ya ubora wa kuruka. Isiyolingana huishia kundi la majaribio kwa maonyesho, lenye masharti yake: barua ya ratiba ya maonyesho kwa FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), mipaka ya matumizi inayokaa ndani ya ndege, na hakuna abiria wa kulipa. Tofauti ya bei kati ya makundi haya ni kubwa, na muuzaji mjanja husema "makaratasi yapo" bila kusema ni yapi.

Tazameni namba kwenye kibati cha utambulisho, muilinganishe na usajili na vitabu vya kumbukumbu. Kisha kila badiliko kubwa liwe na Fomu 337. Breki zimebadilishwa na fomu hakuna? Hiyo kazi ni yako sasa, na mkaguzi wako hatasaini mpaka ithibitishwe.

#2 Bawa_Juu

Mkuu, kuna gofu limetangazwa: mwili, bawa moja zima, bawa jingine limekatwa, halina kibati cha utambulisho. Bei ni ya kutupa. Si mtu anaweza kununua kibati peke yake halafu akakipachika?

#3 MzeeWaRibiti

Hapana. Kibati bila ndege ni chuma chakavu, na ndege bila kibati ni vipuri. Kukihamisha kibati bila idhini ya FAA ni kosa la kisheria, si ujanja wa gereji. Linunuliwe kama ghala la vipuri, na bei iwe ya vipuri. Mwili wa Bird Dog una thamani kwa fremu zake, milango, fremu za vioo na viti, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokosekana. Bawa lililokatwa lina mbavu na bawaba za flapu zinazoweza kutumika, ila boriti yake isitumike hata kama inang'aa.

#4 MzeeWaRibiti

Naendelea na bati, kwani hapa ndipo pesa inapoliwa.

Mwili ni aluminiamu aina ya 2024-T3 yenye ngozi nyembamba ya aluminiamu safi juu. Adui wa kwanza ni kutu ya tabaka, ile inayoifanya boriti ivimbe na kuachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Angalia boriti kuu za mabawa pale zinapopita juu ya kichwa cha rubani, kofia za boriti karibu na mizizi ya bawa, na mkia. Ndege iliyosimama miaka mingi nje hukusanya maji na majani kwenye koni ya mkia, na tundu za kutolea maji huwa zimezibwa na viota vya nyigu. Pitisha kidole. Bati likiwa na mawimbi katikati ya ribiti (misumari ya kuunganishia bati), au ribiti zikiwa na moshi mweusi unaofuata upepo, ribiti zinacheza.

Pili, kisanduku cha miguu. Mguu wa Bird Dog ni bapa la chuma cha springi linaloingia tumboni na kufungwa kwa bolti kwenye fremu mbili. Kila tuo baya na kila mzunguko wa ardhini, yaani ndege kugeuka ghafla ikiwa chini, humalizikia hapo. Ng'oa sakafu, washa taa kali, tafuta nyufa kwenye kona za fremu na matundu ya bolti yaliyokuwa mviringo yakawa yai. Muuzaji akikataa sakafu ing'olewe, shukuru na uondoke.

Mguu wenyewe usichomelewe, usitobolewe, wala usisagwe kwa mashine kuondoa kutu. Chuma cha springi kikipata kikwaruzo kirefu au shimo la kutu, ufa huanzia hapo. Kipimo sahihi ni cha chembe za sumaku, baada ya kuondoa rangi taratibu.

Ribiti mpya: kwa kazi nyingi za ngozi ni MS20470AD za inchi 3/32 au 1/8. Tobo la 3/32 ni kekee namba 40, la 1/8 ni namba 30. Umbali kutoka ukingoni usipungue mara mbili ya kipenyo, na kati ya ribiti na ribiti usipungue mara tatu. Kichwa kinachogongwa ndani kitoke na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu kipenyo. Kwa 1/8 hiyo ni inchi 3/16 kwa 1/16. Kichwa kikilala upande, kitoe. Usikiongezee nyundo ukidhani kitanyooka, utapanua tobo tu. Na ukitoa ribiti ya zamani, toboa kichwa peke yake kisha kisukume. Ukipitisha kekee mpaka chini umejitafutia ribiti ya saizi inayofuata, na huenda ukingo hauitoshi tena.

Kabla ya kufunga, kila kipande kipate dawa ya alodini ya kuzuia kutu na praima ya epoksi pande zote mbili, hasa pale bati mbili zinapolaliana.

#5 Sonara_wa_Hanga

Nakazia jambo moja ambalo watu hulipita: ile rangi ya kijani-njano ndani ya mwili ni zinki kromati. Usiipige msasa mkavu. Vumbi lake lina kromiamu inayosababisha saratani. Tumia dawa ya kuondoa rangi, au msasa wa maji na barakoa ya chujio sahihi, na mabaki yasifagiliwe nje.

Saa na mita za zamani za jeshi nazo, zile zinazong'aa gizani au zilizokuwa zinang'aa, nyingi zina rangi ya radiamu. Mwanga huisha, mionzi haiishi. Usifungue kioo chake mezani unapolia chakula. Peleka kwa karakana yenye kibali, au nunua mita mpya zenye sura ileile.

#6 Kamshafti

Niingie kwenye injini. O-470-11 hutoa nguvu farasi 213 kwa mizunguko 2,600 wakati wa kupaa, na mfululizo ni 190 kwa 2,300. Propela ya kawaida ni ya chuma yenye pembe isiyobadilika, imekatwa kwa ajili ya kupanda, si kukimbia. Maana yake ukiinamisha pua kidogo na kusahau mkono wa mafuta, mshale unavuka 2,300 bila kelele ya kukustua. Toleo la mafunzo, TL-19D, lilikuja na O-470-15 na propela inayojirekebisha. Msiyachanganye mnapoagiza vipuri.

Injini iliyolala miaka: Continental huweka kamshafti chini ya krankishafti, hivyo hudondokewa na oili na hukaa na unyevu wa oili muda mrefu kuliko ya Lycoming, ambayo iko juu. Huo ni unafuu, si dhamana. Toa tapeti mbili tatu uziangalie uso. Zikiwa na vishimo, injini inafunguliwa yote. Hakuna "tutaangalia baada ya saa kumi".

Kipimo cha mgandamizo hufanywa kwa paundi 80 za hewa. Usisome namba tu, sikiliza hewa inatokea wapi. Ikitoka kwenye bomba la moshi, ni valvu ya moshi. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi, na ringi mara nyingine hukaa sawa baada ya kuruka saa chache. Kisha ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi. Valvu nzima ina duara la rangi lililokaa sawa pande zote. Duara likihamia upande mmoja, ukingo huo unaungua, hata kama mgandamizo unasoma vizuri leo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi moja kila silinda, zungusha kwa starta vipindi vifupi mpaka shinikizo la oili lionekane. Halipandi? Acha, jaza pampu kwa mkono. Mipira yote ya mafuta na oili iondoke, hata kama inaonekana mizima kwa nje. Ndani huwa inamenyeka na vipande vyake huenda kukaa kwenye kabureta.

Silinda mpya zitumie oili ya madini isiyo na viongezi mpaka unywaji wa oili utulie, kwa kawaida ndani ya saa 25. Na ziruke kwa nguvu. Ukizibembeleza kwa nguvu ndogo, kuta za silinda zinapata ngozi ya kioo, ringi hazikai, na unalipia kusagwa kwa silinda mara ya pili.

#7 Bawa_Juu

Mafuta je? Naona vitabu vya jeshi vinasema 80/87, hayo siku hizi hayapo.

#8 Kamshafti

100LL, petroli ya ndege ya siku hizi, inaruhusiwa, tatizo si oktani, ni risasi, yaani madini ya ledi. 80/87 ilikuwa na risasi isiyozidi gramu 0.14 kwa lita. 100LL inaweza kufika 0.56, mara nne. O-470-11 ina mgandamizo wa 7 kwa 1 tu, joto la ndani si kubwa, hivyo risasi haichomeki vizuri. Inakaa kama vidonge vya kijivu kwenye plagi za chini na kwenye mikono ya valvu.

Dawa yake ni tabia. Ukiwa ardhini punguza mafuta kwenye mchanganyiko mpaka injini karibu ikohoe, endesha hivyo hadi mwanzo wa njia ya kuruka. Lakini punguza sana kweli, si nusu nusu: ukisahau kurudisha, injini igome ukiongeza nguvu, si ikubali kisha ife futi 200 juu. Safisha plagi na badilisha chini kwa juu kila saa 50. Kabla ya kuzima, iache kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa muda wa dakika moja.

#9 Pangaboi_67

Mkuu Kamshafti, kwa heshima, mimi siwezi kumshauri mtu afufue O-470-11 mwaka huu. Imekwisha kutengenezwa zamani, na vipuri vyake maalumu vinawindwa kama pembe. Ector kule Texas walishaonyesha njia, wakijenga upya Bird Dog kwa jina la Mountaineer, na ile Super yenye Lycoming O-540 ya nguvu farasi 240. Ndege inapanda vizuri zaidi na kila fundi anaijua injini.

#10 Kamshafti

Sipingi kwamba O-540 ni injini ya kuaminika. Napinga kwamba ni kazi nyepesi. Kitanda cha injini, kifuniko, mfumo wa moshi, vipoza hewa, nyaya za udhibiti, vyote vinabadilika. Uzito wa pua unabadilika, na kituo cha uzito kinahama. Bila STC inayotaja ndege yako na injini yako, yaani cheti cha nyongeza cha aina, utaombea idhini ya mmoja mmoja kwa ofisi ya FAA ya eneo lako, na hapo hakuna anayekuahidi tarehe. Nisemavyo mimi: ikiwa injini ya zamani ina krankishafti iliyopita kipimo cha sumaku na kizimba cha injini kisicho na ufa, ifufue. Kimoja kikifeli, hapo maneno yako yana uzito.

#11 Usukani_Kwanza

Mmekaa sana kwenye hanga, wacha tuitoe nje. Ndege hii imeua watu kwa vitu viwili: flapu na mkia.

Flapu zinashuka mpaka nyuzi 60. Ni kubwa, na ndizo zinazoifanya itue kwenye uwanja wa mpira. Mwishoni mwa Aprili 1975 Meja Buang-Ly wa Vietnam Kusini alitua na O-1 juu ya manowari USS Midway akiwa na mke na watoto watano, bila ndoano ya kukamatia. Ndege yenyewe iko makumbusho ya Pensacola. Watu saba kwenye viti viwili! Alisaidiwa na upepo mkali wa manowari inayokimbia, hilo wengi hulisahau wanaposimulia.

Ubaya wa nyuzi 60 uko kwenye kuahirisha kutua. Ukisukuma nguvu zote huku flapu ziko chini kabisa na trimu imevutwa nyuma kwa ajili ya kutua, pua inainuka yenyewe kwa nguvu ya kutisha, kasi inaanguka, na ndege haipandi. Inaning'inia tu, kisha bawa moja linaachia, yaani linapoteza nguvu ya kubeba. Kwa hiyo: ongeza nguvu taratibu mpaka mwisho huku mkono mwingine ukisukuma fimbo mbele kwa nguvu, funga joto la kabureta, pandisha flapu mpaka 30 kwanza, rudisha trimu. Kasi ikijengeka na ndege ikianza kupanda, malizia zilizobaki kidogo kidogo. Usizikunje zote kwa pigo moja, utazama hadi ardhini. Mwanafunzi afanye hili futi 3,000 juu mara kumi kabla ya kuliona karibu na ardhi. Na kama mbele hakuna miti wala upepo wa kubishana, 30 au 45 zinatosha. Hakuna zawadi ya kutumia 60.

La pili, mkia, yaani gurudumu la tatu liko nyuma. Kituo cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, hivyo ndege ikianza kwenda upande, uzito unasaidia kosa badala ya kulirekebisha. Inazunguka kama pia, mguu unakunjika kwenye kisanduku alichokisema Mzee juu, ncha ya bawa inagusa, propela inagonga, na injini inafunguliwa kwa sababu ya kusimama ghafla. Miguu ya rubani isilale mpaka ndege imesimama na kufungwa kamba. Ile springi nayo hairudishi nishati kwa upole: ukigonga kwa kasi iliyozidi, itakurusha juu tena, na mruko wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza. Ukirushwa juu sana, ongeza nguvu uanze upya, usipambane.

#12 MzeeWaRibiti

Naongezea kwa upande wa fundi, maana kuzunguka ardhini mara nyingi si kosa la rubani peke yake.

Magurudumu makuu yakiwa yameelekea vibaya ndege inavutwa upande. Kati ya mguu na ekseli huwekwa shimu zilizopunjwa upande mmoja ili kurekebisha. Pima ndege ikiwa juu ya bati mbili zilizopakwa grisi katikati ili miguu itanuke yenyewe. Ukipima kwenye saruji kavu unapima msuguano.

Gurudumu la mkia likitetemeka kama troli ya sokoni, watu hukimbilia kukaza nati. Angalia kwanza springi ya mkia. Ikichoka hulala, na mhimili wa gurudumu unainamisha kichwa mbele. Ndege ikiwa na uzito wake, kichwa cha mhimili kiwe wima au kiegemee nyuma kidogo. Kikiegemea mbele, hakuna nati itakayokuokoa.

Breki za awali za Goodyear zinafanya kazi zikitunzwa, ila vibanio vya diski huchakaa na kuachia. Wengi huhamia Cleveland kwa STC. Hapo sina ubishi wa uhalisia, badilisheni.

Kebo za udhibiti: pitisha kitambaa cha pamba urefu wote, hasa kwenye makapi. Uzi mmoja uliokatika utakinasa. Baada ya kukaza tanbakoli (kikazio cha kebo), nyuzi za skrubu zinazoonekana nje ya pipa zisizidi tatu kila upande, kisha ifungwe kwa waya wa usalama. Halafu muombe mtu mwingine akae ndani, wewe simama nyuma: fimbo kushoto, aileroni ya kushoto inapanda. Ndege zilizotoka matengenezoni zimeanguka kwa kebo zilizofungwa kinyume, na waliozifunga walikuwa mafundi wazuri.

#13 Mwana_Lang'ata

Wakuu, maswali ya haraka kutoka huku nyumbani. Ndege ya namna hii ingefanyaje pale uwanja wa Wilson, Nairobi?

#14 Usukani_Kwanza

Ingefanya, ila usitegemee namba za vitabu vya usawa wa bahari. Wilson iko takriban futi 5,500. Joto la kawaida la kitabu kwa kimo hicho ni kama nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 25 umezidi kwa 21. Kila nyuzi ni futi 120, yaani 2,520 za nyongeza. Injini na mabawa yanajiona yapo futi 8,000. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 kila futi 1,000, hivyo 213 zako zimebaki kama 160. Kuahirisha kutua kwa nyuzi 60 hapo usikufikirie kabisa. Na mchanganyiko urekebishwe kabla ya kupaa, usiondoke ukiwa na mafuta yote mbele kama uko Mombasa.

Ndivyo ilivyo pia Colorado, na wenye Bird Dog kule hupaa asubuhi.

#15 Pangaboi_67

Kwa anayesita, ajue kuna ndugu zake. O-2A ni Cessna 337 iliyovaa kombati, injini mbili za nguvu farasi 210, moja mbele moja nyuma, na vipuri vingi ni vya kiraia. Mtego wake: injini ya nyuma ikifa wakati wa kuendesha kwenda kupaa, huioni na ndege haiendi upande kukuambia. Ndiyo maana nguvu ya nyuma huongezwa kwanza, mita zisomwe, kisha ya mbele. OV-10 Bronco ina injini mbili za tabaini za Garrett, hiyo ni bajeti ya taasisi. Italia walichukua umbo la Bird Dog wakalitia injini ya tabaini ya Allison, ikaitwa SM.1019. Ni nyepesi puani na tamu, ila tabaini ikipata joto kupita kiasi wakati wa kuwasha, sekunde chache zinakula bei ya Bird Dog nzima.

#16 Sonara_wa_Hanga

Umeme, redio na sura, halafu niwaache.

Nyaya za awali zing'olewe zote. Mpira umekauka, na nyaya za PVC zilizowekwa baadaye hutoa moshi wa sumu zikiungua. Weka za Tefzel, aina ya MIL-W-22759, na uchore mchoro upya. Baki na volti 24, mota ya flapu na starta ni za volti hizo. Redio za kisasa nyingi zinakubali 14 hadi 28.

Redio za jeshi zilikaa nyuma ya kiti cha mtazamaji na zilikuwa nzito. Zikitolewa, kituo cha uzito kinakwenda mbele. Wengine wanarudisha sanduku tupu kwa sura, wengine wanaweka uzito wa risasi. Vyovyote, kiandikwe kwenye hesabu ya uzito. Bomba za roketi ziwe tupu kabisa, na ziandikwe pia, maana zinaongeza uzito na zinakokota upepo.

Vioo ni akriliki. Vioshwe kwa maji mengi na sabuni laini, kwa kiganja. Petroli, tina au dawa ya vioo yenye amonia huleta nyufa ndogo za nyota ambazo haziondoki. Unapotoboa kipya, kekee iwe butu na tobo liwe kubwa kuliko skrubu, plastiki hutanuka juani kuliko bati.

Rangi: kijani cha zeituni kwa Jeshi la Nchi Kavu, kijivu kwa ndege nyingi za waelekezaji wa Jeshi la Anga huko Vietnam. Chagueni kikosi kimoja na mwaka mmoja, si kijani cha Korea na alama za 1968. Sheria ya Marekani inaruhusu ndege iliyozidi miaka 30 iwe na herufi za usajili za inchi 2 tu, hivyo haziharibu sura.

#17 Bawa_Juu

Shukrani wakuu. La mwisho: ndege imemalizika, imesainiwa. Safari ya kwanza ipangweje?

#18 Usukani_Kwanza

Kabla ya safari, pima mtiririko wa mafuta. Weka ndege pua ikiwa juu kama inapanda, mafuta kidogo tu kwenye tangi, fungua bomba kwenye kabureta na upime kwa ndoo na saa ya mkono. Mfumo wa mvuto peke yake utoe asilimia 150 ya matumizi ya nguvu zote, wenye pampu 125. Kwa injini hii nguvu zote ni kama galoni 19 au 20 kwa saa, basi tafuta karibu nusu galoni kwa dakika. Kila tangi peke yake.

Majaribio ya kukimbia kasi ardhini yafutwe. Kwenye ndege ya mkia ndiyo hali ya hatari zaidi, kasi ya kutosha kuzunguka na isiyotosha kuruka. Endesha polepole, pima breki, kisha nenda.

Siku iwe bila upepo wa ubavu, rubani mmoja mwenye saa za Bird Dog hasa, si za mkia tu. Fimbo ya nyuma itolewe na ihifadhiwe. Flapu nyuzi 30 kupaa, kisha kaa juu ya uwanja futi 2,500 kwa duara pana. Dakika 30 zinatosha: joto la oili, shinikizo, joto la silinda. Jaribu flapu hatua kwa hatua ukiwa juu. Upande mmoja ukishuka na mwingine ukabaki, zirudishe hapo hapo zilipokuwa. Punguza kasi mpaka bawa lianze kuachia, uandike mshale unasoma ngapi, kwa sababu mita ya zamani haisomi sawa na kitabu, na kasi yako ya kutua itatokana na namba hiyo.

#19 Kamshafti

Ukitua, fungua kifuniko chote kabla injini haijapoa. Tafuta oili, doa la buluu la mafuta, na alama nyeupe kwenye viungio vya moshi. Kata chujio la oili siku hiyo hiyo kama lipo, au chunguza wavu wake, kisha tena saa 10 na saa 25. Chembe za kung'aa zinazoshika sumaku zikiongezeka kati ya saa 10 na 25, ndege isirudi hewani.